Mgonjwa aandikiwe aina ya kauri aliyovishwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa mtu asiyewahi kuvunjikiwa jino laweza kuonekana dogo, lakini sisi tunaofanya kazi katika maabara za meno hapa Mwanza hukutana nalo mara kwa mara. Nazungumzia kofia (krauni) zinazovishwa juu ya jino lililochongwa, na madaraja ya kudumu, yaani meno ya bandia yanayoziba pengo kwa kushikizwa kwenye meno jirani, yale yanayogandishwa kinywani na ambayo mwenyewe hawezi kuyavua usiku kama avuavyo meno ya bandia ya plastiki. Siku hizi vibao vingi vya kliniki, kuanzia Kirumba hadi Buhongwa, vinatangaza "meno ya kauri". Mgonjwa hulipa, huvishwa, kisha hurudi nyumbani na risiti iliyoandikwa "krauni 1" au "daraja, meno 3", basi. Hoja yangu ni kwamba maandishi hayo hayatoshi. Kila anayevishwa kauri apewe karatasi inayotaja ni kauri gani, kwa sababu neno hilo moja limebeba vitu vinavyotofautiana kama chungu na sufuria: vyote viwili hupikia, ila kimoja kikianguka huokotwa kikaendelea na kazi, na kingine huokotwa vigae.

Miezi michache iliyopita daktari mmoja aliniletea vipande viwili vya daraja vilivyofungwa ndani ya pamba. Vilikuwa vya mama anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni. Daraja hilo la meno 3 lilikuwa limeziba pengo la gego la kwanza la chini, upande wa kulia, nalo lilikatika pale pale jino la kati linapoungana na gego la nyuma. Mama huyo alikuwa amekaa nalo kwa muda usiofika miaka 2, alitengenezewa kwingine, na alikuwa na uhakika kwamba ni zirkonia, ile kauri ngumu inayosifiwa siku hizi, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa na ndivyo alivyolipishwa. Nilipokishika kipande kimoja nilikiona chepesi mno. Nikakipima kwenye mizani yangu ndogo, nikakipima tena kikiwa kimezama majini, nikapiga hesabu ile ile ya Archimedes tuliyofundishwa sekondari. Sentimita moja ya ujazo ya zirkonia ina uzito wa takriban gramu 6. Kipande kile kilinipa gramu 2.5 hivi, ambao ni uzito wa lithiamu disilikati, kauri ya jamii ya kioo. Ni kauri nzuri, mimi mwenyewe huitumia sana, lakini si ya kubebeshwa daraja linalokalia magego.

Sisemi kwamba mama yule aliibiwa. Yawezekana daktari aliagiza hivi, maabara ikaelewa vile, na mpokea fedha akaandika analolijua. Linalonisumbua ni kwamba hakuna aliyeweza kufuatilia jambo hilo, maana hapakuwa na maandishi yoyote: si jina la kauri, si jina la maabara, si gundi iliyotumika. Kama nisingekuwa na mizani, yeye angeendelea kuamini kwamba zirkonia huvunjika ovyo, na daktari wake mpya angekuwa anakisia.

Ili msomaji aone kwa nini jina la kauri lina uzito kiasi hicho, ni lazima nieleze kidogo vitu vyenyewe, na kwa watu wa Mwanza naweza kuanzia kwenye mawe yetu. Milima hii tunayojengea nyumba, pamoja na lile Jiwe la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni, ni matale, na ndani ya matale kuna madini ya feldispa na kwatzi. Kauri ya kale ya meno hutokana na madini hayo hayo, yaliyosafishwa na kusagwa kuwa unga laini: feldispa kwa wingi, kwatzi kiasi, na udongo mweupe wa kaolini kidogo sana au usiwepo kabisa. Unga huo ukichomwa tanuruni, feldispa huyeyuka ikawa kioo chenye chembe ndogo za fuwele, mfano wa zile za chumvi, ndani yake. Kwa hiyo kile tulichozoea kukiita kauri ya meno ni kioo zaidi kuliko udongo, na ndiyo maana kinapitisha mwanga na kufanana na jino la kuzaliwa nalo kiasi cha kumdanganya hata mwenye jino. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Charles Land, daktari wa meno wa Detroit nchini Marekani, ndiye aliyeanza kuvika meno kofia nzima za kauri ya namna hiyo. (Mjukuu wake, Charles Lindbergh, ndiye yule rubani aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1927, naona ukoo ule haukuogopa vitu vinavyoweza kuvunjika.)

Udhaifu wa kofia hizo ulikuwa ule ule wa chungu. Kauri hustahimili kubanwa, lakini haistahimili kupindwa, kwa sababu upande unaovutwa hufunguka kuanzia kwenye kasoro ndogo isiyoonekana kwa macho, na ufa ukishaanza hakuna cha kuusimamisha. Nguvu hiyo hupimwa kwa kukipinda kipande chembamba mpaka kikatike, na hesabu yake hutolewa kwa megapaskali. Kauri ya feldispa huwa karibu na 100 au chini yake. Kwa jino la mbele linaloumia mkate na chai yaweza kutosha. Kwa gego haitoshi, kwa kuwa mtu mzima mwenye meno kamili akiuma kwa nguvu zake zote huweza kufikisha uzito wa kilo 50 hadi 70 mahali padogo pale.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuitia kauri chuma ndani. Mwaka 1962 zilitolewa hataza (hati za haki ya uvumbuzi) nchini Marekani zilizoonyesha jinsi ya kuichanganya kauri ili inapopoa isinyae karibu sawa na chuma kilicho chini yake, na tangu hapo kofia ya chuma iliyopakwa kauri imekuwa mtumishi wa kutegemewa duniani kote, hapa kwetu pia. Bado naitengeneza na siionei aibu. Ina mambo yake: ufizi ukishuka, mstari wa kijivu huchungulia, kauri ya juu huweza kubanduka kipande, na chuma cha bei nafuu mara nyingi huwa na nikeli, ambayo baadhi ya watu huwawasha hata ikiwa kwenye hereni au kifungo cha suruali. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kujua kama kinywani mwake mna nikeli, na hawezi kujua kwa kujitazama kwenye kioo, maana juu anaona weupe mtupu.

Kizazi kilichofuata ni cha kauri za kioo zilizojazwa fuwele kwa makusudi. Asili yake ni ajali ya kimaabara ambayo kila mtu wa tanuru huipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Donald Stookey, mkemia wa kampuni ya Corning nchini Marekani, aliacha kipande cha kioo tanuruni, tanuru likapitiliza hadi joto la karibu nyuzi 900. Alitarajia kukuta kioo kimeyeyuka kikamwagika. Akakikuta kizima, kimegeuka cheupe, na kilipomponyoka kikaanguka sakafuni hakikuvunjika. Joto lilikuwa limeotesha fuwele ndani ya kioo. Lithiamu disilikati tunayoitumia kwenye meno, iliyoingia sokoni mwaka 1998 na kuboreshwa mwaka 2005, hufuata njia hiyo hiyo: zaidi ya nusu ya ujazo wake ni fuwele ndefu kama sindano zilizosukana ovyo, hivyo ufa ukitaka kupita hulazimika kuzunguka huku na huku. Tunapoichonga kwa mashine huwa na rangi ya buluu au zambarau, kisha tunaipeleka kwenye joto la nyuzi 840 hadi 850, nayo hutoka na rangi ya jino. Nguvu yake ni karibu megapaskali 400. Kwa uzuri wake na nguvu yake, kwa kofia moja moja ni vigumu kuishinda.

Zirkonia ni habari nyingine kabisa. Hii haina kioo ndani yake. Ni fuwele tupu. Chuma cha zirkoni kilitambuliwa na Martin Heinrich Klaproth wa Ujerumani mwaka 1789, lakini oksidi yake ilikaa muda mrefu bila kufaa kwa kazi kama hizi, kwa sababu ina tabia ya kubadili umbo la fuwele zake: ikipashwa joto hadi nyuzi 1,170 hivi huwa na umbo moja, ikipoa hurudi kwenye umbo jingine lenye ujazo mkubwa zaidi, na kwa kutanuka huko hujipasua yenyewe. Suluhisho lilikuwa kuitia kidogo itria, oksidi ya metali iitwayo itriamu, ambayo huzishikilia fuwele katika lile umbo la joto hata baada ya kupoa, kama mtu aliyezuiwa mlangoni. Mwaka 1975 watafiti wa Australia walionyesha faida iliyojificha hapo. Ufa unapoanza, fuwele zilizo jirani nao hufunguliwa, hurudi kwenye umbo lao kubwa, hutanuka kwa asilimia 4 hivi na kuubana ufa mdomo. Yaani kitu kile kile kilichokuwa kikiipasua zirkonia ndicho kikaifanya iwe ngumu kupasuka. Kwa jambo hilo zirkonia ya kawaida hufikia megapaskali 900 hadi 1,200.

Hapa ndipo panapozuka mkanganyiko mpya, na ningeomba wasomaji wanaojiandaa kuvishwa meno wasome kwa utulivu. Zirkonia ile ngumu ya mwanzo huzuia mwanga, na kwenye jino la mbele huonekana kama chokaa. Watengenezaji wakaongeza kiasi cha itria, mwanga ukapita, uzuri ukaja. Lakini kadiri itria inavyozidi ndivyo fuwele zinavyozidi kushikiliwa moja kwa moja, na zile za kuuziba ufa hupungua. Zirkonia ya kung'aa kuliko zote, yaani inayopitisha mwanga zaidi, huwa na nguvu ya megapaskali 500 hadi 700 hivi, karibu nusu ya ile ya awali. Zote huuzwa kwa jina la zirkonia. Mtu anayesema "mimi nataka zirkonia" hajasema lolote bado, kama ambavyo mtu anayesema "nataka samaki" pale Mwaloni ataulizwa kwanza kama ni sato, sangara au furu.

Wala haya si maoni ya fundi mmoja wa Nyakato. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 6872, kinachopanga kauri za meno kwa kazi zake. Kwa daraja la meno 3 lisilogusa gego, kauri isipungue megapaskali 300. Likihusisha gego, 500. Likiwa la meno 4 au zaidi, 800. Msomaji ataona mwenyewe kwamba daraja la mama wa Mwaloni, lenye kauri ya 400 na lililokaa juu ya gego, lilikuwa limeshahukumiwa kabla hajaliumia punje ya kwanza ya mahindi.

Na nguvu ya kauri ni nusu tu ya hadithi. Tangu daraja la Kigongo na Busisi, lile linalovuka ziwa, lifunguliwe mwaka 2025 kila mtu hapa amekuwa mjuzi wa nguzo, na kwa kweli daraja la meno pia lina nguzo zake, ila nguzo hizi ni meno hai yanayotikisika kidogo ndani ya taya kila unapotafuna. Mzigo wote wa mtikisiko huo huishia kwenye viungo, yaani pale jino la bandia linaposhikana na jirani yake. Kwa daraja la zirkonia la meno 3 ya nyuma, watengenezaji wengi hutaka kiungo kisipungue milimita za mraba 9, na umbo lake lina maana kuliko hata ukubwa. Fundi wa paa anajua kwa nini husimamisha mbao kwa upande wake mwembamba badala ya kuilaza: ukiongeza kina chake mara 2, uwezo wake wa kubeba huongezeka mara 4. Mgonjwa mwenye meno mafupi hana nafasi ya kina hicho, na huyo yafaa aambiwe ukweli mapema kwamba chuma kitamfaa kuliko kauri tupu.

Nikiri kosa langu pia, maana si haki kunyooshea wengine kidole. Miaka kadhaa iliyopita daktari aliniagiza daraja la meno 4 na akasisitiza liwe la kung'aa. Niliona kwenye kompyuta kwamba viungo vilikuwa vyembamba, nikajua ni zirkonia ipi ingetoa mng'ao huo, na bado sikupiga simu kuuliza. Nilichonga, nikachoma, nikapeleka. Lilipasuka kabla ya mwaka kuisha, nikalirudia kwa gharama yangu, na mgonjwa akakatwa meno kwa mara ya pili. Laiti ningelazimika kuandika kwenye kadi ya mgonjwa "zirkonia ya kung'aa, megapaskali kadhaa, daraja la meno 4", mkono wangu ungesita.

Kuna mambo mengine ya mahali petu ambayo karatasi hiyo ingeyafichua. Zirkonia huchongwa ikiwa laini kama chaki, tena ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, kwa sababu ikichomwa kwa nyuzi 1,450 hadi 1,550 husinyaa kwa asilimia 20 hadi 25. Uchomaji wa kawaida huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Umeme ukikatika katikati ya safari hiyo na jenereta ikachelewa kushika, kazi ile mimi huitupa, kwani jicho haliwezi kuona kilichotokea ndani yake. Ni hasara kubwa na najua kishawishi cha kutoitupa. Maabara inayojua kwamba jina lake na tarehe ya uchomaji vitakaa mfukoni mwa mgonjwa kwa miaka 10 itatupa kwa moyo mwepesi zaidi. Vivyo hivyo kwa vipimo vinavyopakiwa basi kwenda kutengenezwa mbali: chapa ya meno iliyochukuliwa kwa aljineti, ule uji unaogandia kinywani, hukauka na kujikunja isipomiminwa plasta mapema, na kofia iliyochongwa juu ya chapa iliyojikunja haitakaa sawa, iwe ya kauri ipi.

Nije kwenye gundi, ambako ndiko kutojua aina ya kauri hugharimu zaidi. Kauri yenye kioo huandaliwa kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo hula kioo kidogo na kuacha vishimo vya kushikia. Kwa lithiamu disilikati ni sekunde 20 tu za asidi ya asilimia 5, kisha hupakwa sileni, kemikali inayounganisha kioo na gundi. Asidi hiyo ni ya hatari, huunguza hadi ndani ya nyama na hunyang'anya mwili kalisi yake, hivyo si ya kuchezewa karibu na ufizi. Zirkonia, kwa kuwa haina kioo, haiandaliki kwa asidi hiyo. Yenyewe hupulizwa unga mgumu wa alumina (oksidi ya alumini) na kupakwa kemikali maalumu inayoshikana na oksidi za metali. Tena ikishajaribiwa kinywani, fosfati iliyo kwenye mate huing'ang'ania na kuzuia gundi kushika, na daktari anayeisafisha kwa asidi ya fosfori, akidhani anafanya usafi wa kawaida, huongeza tatizo lile lile. Sasa fikiria kofia iliyong'oka yenyewe mgonjwa akiwa Ukerewe au Sengerema, akaibeba ndani ya kibiriti hadi kwa daktari wa kwanza aliyempata. Daktari huyo afuate njia ipi? Kwa macho, zirkonia ya kung'aa na kauri ya kioo huweza kufanana kama mapacha.

Kuna na siku ambayo kofia inapaswa kukatwa, kwa mfano jino lililo chini yake linapooza mzizi na maumivu yamepanda usiku. Ya kauri ya feldispa hukatwa kwa dakika chache. Ya zirkonia ngumu humaliza vichwa vya almasi, hutaka maji mengi na mkono usio na papara, kwa sababu joto la msuguano laweza kulidhuru jino. Daktari akijua mapema hujiandaa.

Wapo watakaosema wagonjwa wetu hawatayaelewa maandishi hayo, kwamba ukimwandikia mvuvi "lithiamu disilikati" umemwandikia Kilatini. Nimesikia hoja hiyo kutoka kwa watu ninaowaheshimu, nami siikubali. Mvuvi huyo huyo anajua ukubwa wa tundu la nyavu zake kwa inchi na nguvu ya injini ya mtumbwi wake, na mwenye pikipiki hawezi kununua mafuta ya injini bila kusoma kopo. Hata asipoyaelewa, maandishi hayo kwanza ni ya daktari atakayemhudumia baadaye, kama kadi ya kliniki ya mtoto inavyomsaidia muuguzi kuliko mtoto. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya vifaa tiba iliyoanza kutumika Mei 2021 inataka kila kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, kofia za meno zikiwemo, kiambatane na tamko linalokitambulisha, na mgonjwa aweze kulipata. Sidhani kama karatasi na wino vinatushinda. Ningefurahi kuona Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, pamoja na Baraza la Madaktari, wakilitazama jambo hili, lakini kliniki hazihitaji kusubiri waraka ili kuanza.

Kadi yenyewe haina haja ya kuwa kubwa. Iandikwe jino au meno yaliyohusika, aina ya kauri kwa jina lake kamili pamoja na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti, kama ina chuma ndani na ni chuma gani, rangi iliyochaguliwa, gundi iliyotumika, maabara na tarehe. Ningeongeza mstari mmoja kuhusu kung'arishwa upya, na hili watu wengi hawalijui. Siku ya kuvika, daktari hupunguza kofia kidogo ili meno yakutane vizuri. Sehemu iliyokwaruzwa na kichwa cha almasi ikiachwa na ukwaruzo wake, hugeuka msasa na kulila jino la upande wa pili mwaka hata mwaka. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri, licha ya ugumu wake unaoogopwa, huliharibu jino jirani kidogo kuliko kauri ya kioo yenye ukwaruzo. Kwa watu wa kandokando ya ziwa, ambao hula dagaa walioanikwa mchangani, na kwa sisi Wasukuma tunaotafuna michembe na matobolwa tangu utotoni, suala la kipi kinasaga kipi kinywani si la kitabuni. Punje moja ya mchanga ndani ya mboga imenirudishia kazi nyingi zilizobanduka kauri ya juu, na nikiona kipande kimebanduka kwa umbo la nusu mwezi nyuma ya jino huwa nauliza kwanza kama mwenyewe ni mlaji wa dagaa.

Mimi nimeanza bila kusubiri mtu. Tangu tukio la lile daraja, kila kazi inayotoka mezani kwangu huwekwa kadi ndani ya boksi, nakala moja ya daktari na nyingine ya mgonjwa. Nakala za wagonjwa nyingi hubaki ndani ya boksi hilo hilo na hurudi kwangu pamoja na plasta za zamani. Nimezihesabu, nazo ni nyingi kuliko nilivyotegemea. Mama wa Mwaloni alitengenezewa daraja jipya, la zirkonia ngumu isiyong'aa sana, viungo vyake vikiwa na kina cha kutosha. Kadi yake aliidai mwenyewe kabla hajakaa kwenye kiti, akaisoma, akauliza maana ya itria, kisha akaikunja na kuitia ndani ya kile kipochi anachowekea stakabadhi za ushuru wa soko.

Wako,
Mteknolojia wa maabara ya meno,
Nyakato, Mwanza.